Mtengenezaji Hajulikani

Ujumbe wenyewe ni mfupi. Programu imeharibika, haiwezi kufunguliwa, itupe kwenye taka. Mac huusema kwa Kiingereza laini chenye adabu, na hapo hapo inakupa kitufe cha kuitupa, ndiyo usihangaike. Jumatatu moja watu watano waliupata karibu kwa wakati mmoja, watatu wakiwa Lamu na wawili Malindi. Kufikia saa nne simu yangu ilikuwa imejaa picha za skrini na swali moja: "Sasa tufanyeje?"

Watu hawa kazi yao ni kunakili. Kuna mradi wa kurekodi wazee wa pwani wakisimulia mambo yao, safari za majahazi, biashara ya boriti, harusi za zamani, njaa iliyopewa jina na njaa isiyopewa, na mtu lazima akae chini asikilize sauti ile sekunde kwa sekunde aiandike. Wanalipwa kwa dakika ya sauti iliyonakiliwa. Ukikaa siku nzima mbele ya kompyuta isiyofungua programu, umefanya kazi ya dakika sifuri. Mimi niko Nairobi, Roysambu, na jukumu langu ni ile programu. Niliirithi kutoka kwa jamaa aliyeiandika, akapata kazi ng'ambo, akaniachia msimbo, skripti ya kufungashia, na salamu za kila la heri.

Programu si kubwa. Juu unaona mawimbi ya sauti, chini unaandika. Kitu kinachoitofautisha na nyingine ni kamusi yake ndogo ya Kiamu, ili mzee akisema "ndia" badala ya njia, au "kuya" badala ya kuja, mashine isimpigie mstari mwekundu kana kwamba hajui anachosema. Wanaonakili walikuwa wamechoshwa na programu zinazosahihisha wazee.

Imejengwa kwa Qt, seti ya zana ambazo watu wengi hutumia kuandika programu za kompyuta za mezani bila kuandika upya kwa kila mfumo. Kwa miaka ilikuwa juu ya Qt 5. Halafu mradi ukapata laptopu zenye chip mpya za Apple, zile za tangu mwisho wa 2020, na kukaa na toleo la zamani kukawa ni kama kuendelea kushona viatu vya mtu ambaye mguu umekua. Tukahamia Qt 6. Kuhamisha msimbo kulichukua wiki mbili na haikuwa balaa. Kwangu ilifunguka vizuri, sauti inacheza, mawimbi yanaonekana. Nikaiweka kwenye mtandao, nikawatumia linki Jumapili usiku, nikalala fiti.

Sasa, kabla sijaendelea, hili jambo la sahihi linahitaji kuelezwa, kwa sababu watu wengi wanaotumia kompyuta kila siku hawajui kwamba programu zinatiwa sahihi kama hati za shamba.

Inafanya kazi hivi. Una funguo mbili zilizozaliwa pamoja. Mmoja ni wa siri, unakaa nao wewe. Mwingine ni wa wazi, uko ndani ya cheti ambacho mtu anayeaminika amekipiga muhuri kusema, naam, huyu ni fulani. Ukimaliza kujenga programu, kompyuta inapiga hesabu ya kila faili iliyomo, inapata nambari ndefu inayobadilika ukigusa hata herufi moja, kisha inafunga nambari hizo zote kwa ufunguo wako wa siri. Anayepokea anatumia ule wa wazi kuhakikisha mambo mawili: imetoka kwako, na haijaguswa tangu ilipotoka kwako. Wazo la funguo za aina hii Diffie na Hellman walilitoa hadharani mwaka 1976, kwa hiyo si uchawi mpya.

Kiswahili kinatutega hapa. Sahihi ni jina la mtu lililoandikwa kwa mkono wake, na sahihi pia ni kitu kisicho na kosa. Kwenye kompyuta maana hizi mbili hazikutani. Programu inaweza kuwa na sahihi safi kabisa na iwe mbaya kama sumu. Mwaka 2010 kirusi cha Stuxnet, kile kilichoshambulia mitambo ya nyuklia ya Iran, kilisafiri kikiwa na sahihi halali zilizopigwa kwa funguo zilizoibwa kutoka kampuni mbili za Taiwan, Realtek na JMicron. Windows iliangalia, ikaona jina linalojulikana, ikafungua mlango.

Kwa upande wa Mac kuna mlinzi anayeitwa Gatekeeper, yuko hapo tangu 2012. Mwanzoni alitaka sahihi tu. Kuanzia macOS Catalina ya 2019 anataka pia ushahidi kwamba programu ilipelekwa kwa Apple ikachunguzwa na mashine zao. Ukitaka mfano wa mtaani: sahihi ni wewe kutia jina kwenye makubaliano, na huko kuchunguzwa ni kwenda kwa wakili apige muhuri kwamba umesimama mbele yake. Wakili hasemi shamba ni zuri. Anasema amekuona.

Na mlinzi huyu ana tabia moja inayowapoteza watengenezaji wengi. Haamki kwa kila kitu. Faili ikiingia kwa kupakuliwa kwenye brauza, inabandikwa alama ya karantini, na alama hiyo ndiyo inamwamsha. Ikiingia kwa flash, mara nyingi haina alama, na yeye anaendelea kusinzia. Ikiwa imejengwa papo hapo kwenye kompyuta yako, pia haina. Ndiyo maana kwangu ilifunguka na kwao ikaitwa takataka.

Nikapakua ile linki kama mtu wa kawaida, nikaona ujumbe ule ule. Kwenye terminali nikauliza codesign inaona nini. Ikajibu kwamba kuna kitu kilichofungwa kwa muhuri ambacho kimekosekana au kimebadilika, kisha chini yake, mstari mmoja: faili imeongezwa. Faili yenyewe? Kamusi ya Kiamu.

Nilicheka, walahi. Kati ya faili zote.

Maelezo yake yalikuwa rahisi. Skripti niliyorithi ilifungasha kwanza, ikatia kamusi ndani ya kifurushi, halafu mwisho kabisa ikapiga sahihi kwa cheti cha yule jamaa. Cheti hicho ni chake, kiko kwenye akaunti yake, na akaunti aliiacha ikaisha. Matoleo ya zamani yaliendelea kufunguka kwa sababu sahihi zake zilikuwa na muhuri wa saa, yaani ushahidi kwamba zilipigwa wakati cheti kikiwa hai. Toleo jipya halina bahati hiyo. Zana mpya ya kufungashia ilikuwa imeweka sahihi ya muda isiyo na jina la mtu, kamusi ikaingia baada yake, hatua ya mwisho ikakosa cheti ikapitwa. Muhuri ukavunjwa na neno "ndia".

Njia ya mkato ilikuwepo. Naifahamu, kila mtengenezaji anaifahamu. Kuna amri moja ya terminali inayoondoa alama ya karantini, mstari mmoja tu, unamtumia mtu kwa WhatsApp anabandika anapiga Enter. Au unatuma flash. Nilinunua flash tatu pale Moi Avenue, nikarekebisha mpangilio ili muhuri usivunjike, nikazipeleka stendi ya mabasi. Kifurushi kinakwenda Mombasa, kinapanda gari jingine hadi Mokowe, kinavuka kwa boti. Siku mbili na nusu. Huku nikimtumia kila mmoja ile amri, kwamba ambaye hawezi kungoja atumie hii.

Wanne waliitumia, hawakuuliza kitu. Wa tano alinipigia.

Ni mwalimu mstaafu wa Lamu, ndiye mkubwa wao, na ndiye anayesikia maneno ambayo wengine wanayaacha na alama ya kuuliza. Sisi sote tunamwita Mwalimu.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Nimepata huu ujumbe wako. Nataka kukuuliza kabla sijautumia. Hii amri, yafanya nini?"

Nikamweleza. Inaondoa alama inayoifanya kompyuta iikague programu.

"Kwa hiyo kompyuta yaniambia hii kitu imeharibika, nawe waniambia niizibe mdomo."

"Si imeharibika, Mwalimu, ni vile tu…"

"Nakusadiki. Wewe nakujua. Lakini kesho akinitumia mwingine, aseme yeye ni wewe, na maneno kama haya haya? Mwaka jana nilipigiwa na mtu akasema ametuma pesa kwangu kimakosa. Alikuwa na adabu kukushinda." Akanyamaza kidogo. "Wanifunza kuvunja kufuli la nyumba yangu."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na hoja, ya kwamba kampuni kubwa za nchi za mbali zinatoza pesa ili zikubali kukujua, ya kwamba kijana wa Roysambu kuitwa asiyejulikana na mashine ni siasa kama siasa nyingine, na hoja hiyo bado ninaiamini. Lakini haikuwa jibu kwa mwanamke aliyekaa peke yake Lamu na rekodi za watu waliokwisha kufa kwenye kompyuta moja. Yeye hakuuliza kama mfumo una haki. Aliuliza atanitofautishaje na mwizi.

Na kusema kweli, mwaka 2024 kwenye macOS Sequoia Apple walifunga njia nyingine ya mkato, ile ya kubofya kulia kisha kufungua. Sasa inabidi uingie kwenye mipangilio, sehemu ya faragha na usalama, ukubali huko. Watengenezaji wengi walilalamika, nami nilisoma malalamiko yao nikikubaliana nayo yote. Baada ya simu ile niliyasoma tena. Karibu kila moja lilikuwa la mtu anayesambaza programu. Sikukuta hata moja la mtu anayezipokea.

Basi ikabaki kupata cheti. Uanachama wa watengenezaji wa Apple ni dola 99 kwa mwaka, siku hiyo kama shilingi 12,800. Kodi ya keja yangu inakaribia hapo. Niliuliza mradi kama unaweza kujiandikisha kama taasisi, ili jina liwe lao na likae hata nikiondoka. Taasisi inahitaji nambari ya D-U-N-S na mtu mwenye mamlaka ya kuifunga kisheria. Barua pepe ikazunguka ofisi tatu, ikarudi na neno "tutaliangalia robo ijayo." Wanaonakili walikuwa siku ya tisa, Mwalimu dakika sifuri kwa siku zote tisa, wale wengine wakiendelea na kufuli iliyovunjwa.

Nikajiandikisha mwenyewe, kama mtu binafsi. Hapo hutumii jina la mtandaoni wala lile marafiki wanakuita. Ni jina la kitambulisho, yote matatu, pamoja na lile la kati ambalo mathe hulitaja akikasirika tu. Ndilo linaloandikwa ndani ya kila programu utakayotia sahihi.

Ilipokubaliwa nilidhani kazi imekwisha. Kumbe.

Hapa naomba uvumilivu, kwa sababu hii ndiyo sehemu iliyonila siku nne na ndiyo sehemu ninayoipenda. Kifurushi cha programu ya Mac kwa nje kinaonekana kitu kimoja, ikoni moja. Ndani ni kabati lenye masanduku, na ndani ya masanduku mna visanduku. Kuna maktaba za Qt, kuna viungo vidogo vya kuonyesha picha na kucheza sauti, na kwa kuwa mawimbi yetu yanachorwa ndani ya ukurasa wa wavuti, kuna brauza nzima iliyojificha humo. Brauza hiyo ina programu yake msaidizi, QtWebEngineProcess, ambayo ni kifurushi kamili ndani ya maktaba ndani ya kifurushi. Kila kimoja kinataka sahihi yake, na zinapigwa kuanzia ndani kwenda nje. Ukianza nje kisha ukagusa cha ndani, muhuri wa nje umevunja mwenyewe.

Kuna kishawishi cha kutumia --deep, neno unalomwongezea codesign ili ashuke mwenyewe apige sahihi kila kitu kwa mpigo mmoja. Nyaraka za Apple zinashauri usilitumie kwa kazi hii. Sababu ni kwamba linawapa wote masharti yale yale, na hawa si sawa.

Nilifungasha, nikapiga sahihi, nikapeleka kwa Apple kwa notarytool. (Maelekezo mengi utakayokuta bado yanasema altool. Kwa kazi hii ilifungwa tarehe 1 Novemba 2023, usipoteze mchana wako.) Dakika chache baadaye jibu likarudi: imekubaliwa. Nikapakua kama mtu wa kawaida. Ikafunguka bila makelele. Sehemu ya kuandikia ipo, menyu zipo. Mahali pa mawimbi palikuwa peupe. Peupe pee, kama kanzu ya Ijumaa.

Hakuna ujumbe wa kosa. Muhuri ni mzima, wakili ameridhika, jina langu liko kila mahali, na kitu hakifanyi kazi.

Apple wanataka programu inayopelekwa kwao iwe chini ya ulinzi mkali unapoendesha: haiwezi, kwa mfano, kuandika msimbo mpya kwenye kumbukumbu na kuuendesha papo hapo, kwa sababu hivyo ndivyo virusi wanavyofanya. Lakini injini ya JavaScript ndani ya brauza hufanya hivyo hivyo kama kazi yake ya kila siku. Kwa hiyo inahitaji kibali, mstari kwenye faili ndogo unaosema huyu mmoja aruhusiwe. Kibali kinatiwa wakati wa kupiga sahihi. Na ukipiga sahihi mpya juu ya ya zamani bila kukitaja tena, kinaanguka kimya kimya.

Yule jamaa alikijua hiki. Nilikuta mstari wake kwenye skripti, nadhifu, ukimpa msaidizi kibali chake. Ila njia aliyoiandika ilipita kwenye folda iitwayo Versions, halafu 5, kwa kuwa wakati wa Qt 5 ndivyo ilivyoitwa. Kwenye Qt 6 folda hiyo inaitwa A. Skripti ilikwenda kwenye 5, ikakuta hakuna mtu, ikaendelea na safari yake bila kulalamika. Msaidizi akapigwa sahihi pamoja na umati, bila kibali, akafa kila alipojaribu kuamka.

Herufi moja. Nikaandika A. Mawimbi yakarudi.

Mwisho wa yote unatumia zana inayoitwa stapler, na jina lake ni la kweli kabisa, inapiga stepla ile hati ya Apple juu ya programu yako. Kwa watu wa mjini wenye intaneti haina maana kubwa, kompyuta itauliza mtandaoni. Kwa Lamu, ambapo bando huisha na mnara huchoka, maana yake ni kwamba mlinzi anasoma hati palepale mlangoni bila kupiga simu. Nilipiga stepla mara mbili, ya pili kwa furaha tu.

Mwalimu aliifungua Alhamisi jioni. Akanitumia ujumbe wa sauti. Kompyuta imemwambia programu hii imepakuliwa kutoka intaneti, na kwamba Apple wameikagua hawakuona kitu kibaya. "Vizuri sana mwanangu. Lakini jina lako liko wapi? Si ulisema utaweka jina?"

Swali zuri. Dirisha lile halionyeshi jina la mtu. Linataja Apple. Jina langu liko chini, ndani ya muhuri, na ukitaka kuliona lazima umuulize codesign kwenye terminali. Nikampigia picha skrini yangu, nikazungushia ule mstari duara jekundu, majina yote matatu na herufi za akaunti kwenye mabano. Akajibu baada ya nusu saa, akiwa ameuliza mwenyewe kwenye kompyuta yake na kulinganisha herufi moja moja. Zinalingana, alisema. Kisha akaniuliza hilo jina la kati ni la babu wa upande gani.

Wale wanne waliipokea bila maoni. Mmoja aliuliza kama ile amri ya zamani bado anaihitaji, nikamwambia aifute, na nikimtumia tena ujumbe wa aina hiyo anipigie kwanza.

Sijamtaja wa sita. Yuko Mombasa, ana Windows, na hadithi yake ni nyingine. Huko tangu tarehe 1 Juni 2023 ufunguo wa kutia sahihi lazima ukae kwenye kifaa maalumu, kitu kama flash kinacholinda siri yake chenyewe au huduma ya mbali inayofanya hivyo, na cheti kinauzwa ghali kuliko cha Apple. Hata ukiwa nacho, SmartScreen huangalia kama programu yako imezoeleka, na programu ya mtu mmoja Mombasa itazoeleka lini? Nimeuliza bei mara mbili. Nimeuandikia mradi, wamesema wataliangalia robo ijayo. Kwa sasa kila nikitoa toleo jipya ninampigia simu kwanza, namsomea tarakimu sita za mwisho za hesabu ya faili, naye ananisomea alizopata kwake, ndipo anabofya kufungua.